Oregon State 3, Pittsburgh 0: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Sun Bowl ya 2008

Desemba 31, 2008, mjini El Paso, Texas, timu za vyuo vikuu viwili vya Marekani zilicheza dakika zote 60 za futiboli na kuambulia pointi tatu tu kwa jumla. Oregon State walizichukua zote, Pittsburgh wakaondoka mikono mitupu. Tangu siku hiyo mechi hii hutajwa kila mwisho wa mwaka, mara nyingi kwa dharau. Mimi naipenda na sioni sababu ya kulificha hilo. Majibu haya nimemwandikia msomaji anayeijua kandanda vizuri, pengine na raga, lakini futiboli ya Kimarekani bado inamchanganya.

Mechi ya bouli ni mechi ya namna gani?

Ni mechi ya mwaliko inayochezwa msimu wa kawaida wa vyuo ukishaisha, kuanzia Desemba hadi mwanzoni mwa Januari. Kila bouli ina mji wake, uwanja wake na mdhamini wake. Rose Bowl ya California ndiyo kongwe kuliko zote. Sun Bowl ya El Paso ilianza 1935, mwaka uleule wa Orange Bowl na Sugar Bowl. Timu nyingi zinazoalikwa hazigombei ubingwa wa nchi. Zinacheza kwa ajili ya heshima ya chuo, kwa ajili ya wachezaji wa mwaka wa mwisho ambao hawataivaa tena jezi hiyo, na kwa ajili ya mashabiki waliofunga safari kutoka mbali.

3–0 si kipigo hicho?

Kwa macho ya kandanda ni kipigo. Huku pointi tatu ni za tukio moja. Mchezaji akifika na mpira kwenye eneo la mwisho la wapinzani, hiyo inaitwa tachidauni, na ina pointi sita. Baada ya hapo timu hupewa nafasi ya kuongeza pointi moja kwa teke au mbili kwa kuufikisha mpira tena. Timu ikikwama kabla ya kufika, inaweza kuamua kupiga teke. Mpira ukipita katikati ya nguzo mbili na juu ya mwamba, ni pointi tatu. Mtu wa raga ataelewa haraka, maana hata kule penalti ikipita kati ya nguzo ni tatu.

Kwa hiyo kule El Paso timu zilifunga mara moja tu. Ni kama 1–0 ya kandanda, isipokuwa kwenye kandanda 1–0 ni matokeo ya kila wiki, wakati kwenye futiboli ya vyuo timu moja peke yake kufikisha pointi 30 hakumshangazi mtu.

Teke lenyewe lilikuwaje?

Lilipigwa na Justin Kahut wa Oregon State kutoka umbali wa yadi 44, robo ya pili, zikiwa zimebaki dakika 2 na sekunde 18 kwenda mapumziko.

Yadi 44 ni mita 40 na kidogo. Mpira hutolewa kwa kasi kati ya miguu ya mchezaji wa mbele na kumfikia mwenzake aliyepiga goti yadi saba hivi nyuma yake. Huyu anaudaka, anausimamisha kwenye nyasi, anauzungusha ili mshono uelekee golini, kisha anaushikilia kwa ncha ya kidole. Wakati huohuo mpigaji ameshaanza hatua zake, na watu wenye kilo zaidi ya mia wanamjia mikono juu. Mwamba uko mita 3 kutoka ardhini. Nguzo za vyuo zimeachana futi 18 na inchi 6, yaani mita 5.6 hivi. Shughuli nzima, kuanzia mpira kutolewa hadi kupigwa, inachukua kama sekunde moja na robo. Aliyepiga goti akichelewa kidogo tu kuusimamisha mpira, teke linaharibika.

Kahut akaupitisha. Kabla yake zilikuwa zimepita dakika 27 na sekunde 42 bila pointi. Baada yake zikapita dakika 32 na sekunde 18, bila pointi vilevile.

Kwa nini hakuna aliyefunga tachidauni? Timu zilikuwa dhaifu?

Hapana. Zote mbili zilikuwa kwenye orodha ya timu 25 bora nchini, Pittsburgh nafasi ya 18 na Oregon State ya 24. Ili kuelewa kilichotokea inabidi kurudi nyuma miezi mitatu.

Septemba 25 mwaka huohuo, Oregon State waliikaribisha USC (Chuo Kikuu cha Southern California), timu iliyokuwa namba moja Marekani, wakaichapa 27–21. Shujaa wa usiku ule alikuwa Jacquizz Rodgers, kijana wa mwaka wa kwanza, mfupi kuliko karibu kila mtu uwanjani, aliyekimbia na mpira yadi 186. Kaka yake James alikuwa timu hiyohiyo, naye hatari kwa kasi. Ndugu hawa wawili ndio waliofanya timu iogopwe. Lakini Jacquizz akaumia bega mwezi wa Novemba. Kisha, Novemba 29, kwenye mechi ya watani wa jadi dhidi ya Oregon, James akavunjika mfupa wa mtulinga.

Mechi ile ya watani ndiyo iliyoniuma zaidi katika habari hii yote. Oregon State wangeshinda siku ile wangekwenda Rose Bowl, mahali ambapo hawakuwa wamefika tangu Januari 1965. Wakafungwa 65–38, nyumbani kwao. Safu ya ulinzi iliyoruhusu pointi 65 mbele ya mashabiki wake ilikaa na aibu hiyo mwezi mzima, kisha ikaenda Texas kucheza bila Jacquizz na bila James, ikijua washambuliaji wake hawatafunga mengi. Hakukuwa na namna nyingine ya kushinda isipokuwa kumzuia Pittsburgh asipate kitu kabisa. Wakafanya hivyohivyo.

Upande wa Pittsburgh tegemeo lilikuwa LeSean McCoy, mkimbiaji aliyefunga tachidauni 21 msimu ule. Kila aliyewahi kuiona Pittsburgh alijua mpira utakwenda kwake. Oregon State nao walijua, wakajaza watu mbele. McCoy alipewa mpira mara 24 na kupata yadi 85, wastani wa yadi tatu na nusu. Kwa mchezaji wa kawaida si haba, lakini kwa McCoy ilikuwa siku ya kubanwa. Alipobanwa, mzigo ukamwangukia kwotabeki Bill Stull, yaani yule anayepokea mpira mwanzo wa kila mchezo na kuamua aurushe au ampe mkimbiaji. Stull hakupata nafasi ya kupumua, na sababu ina jina.

Victor Butler ni nani?

Ndiye sababu hiyo. Alicheza pembeni mwa safu ya mbele ya Oregon State, na siku ile alimwangusha kwotabeki mara nne kabla hajaurusha mpira. Mara nne kwa mtu mmoja ni nyingi mno, maana mchezaji mzuri wa nafasi hiyo huridhika na moja kwa mechi. Alipewa tuzo ya mchezaji bora, na mwaka uliofuata Dallas Cowboys wa ligi ya kulipwa wakamsajili.

Ukipata nafasi ya kuiona mechi hii, usiufuate mpira. Mfuate Butler kuanzia anapoinama. Utaona mchezaji wa Pittsburgh aliyepewa kazi ya kumzuia anarudi nyuma hatua kwa hatua, na Stull anatazama upande ule hata kabla hajaguswa. Kwotabeki akishaanza kumtafuta kwa macho anayemwinda, hawaoni tena wenzake walioachwa wazi. Katika mchezo huu hofu ya namna hiyo haiandikwi kwenye takwimu, lakini inashinda mechi.

Mbona mara nyingi walikuwa wanaupiga mpira mbali na kuwaachia wapinzani?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na ndilo ninalotamani kila anayeicheka mechi hii aanze nalo.

Timu inapokuwa na mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifanikiwa, inapewa mengine manne. Ikishindwa, wapinzani wanachukua mpira palepale ulipoishia. Kwa hiyo ikifika jaribio la nne na bado kuna safari ndefu, timu hupiga mpira kwa mguu, juu na mbali, ili wapinzani waanzie kwao kabisa. Wanaotazama kwa mara ya kwanza huona ni kukata tamaa. Sivyo. Ni kununua ardhi.

Fikiria timu mbili ambazo hakuna hata moja inayoweza kutembea yadi 70 mfululizo. Ikianza mbali, itakwama. Ikianza karibu na katikati ya uwanja, itahitaji michezo mitatu minne mizuri tu ili ifike umbali wa teke la pointi tatu. Hapo mechi nzima inakuwa vita ya mahali pa kuanzia. Kila teke la kuondosha mpira linalotua ndani ya yadi 20 za wapinzani ni ushindi mdogo, na kila yadi anayorudisha mpokeaji ni hasara. Kocha Mike Riley wa Oregon State na Dave Wannstedt wa Pittsburgh walilijua hilo, ndiyo maana hawakuthubutu kucheza pata potea. Timu ikiongoza kwa pointi tatu na ulinzi wake uko imara, kosa moja karibu na eneo lake lingeweza kuizamisha.

Kijana aliyekuwa akipiga mateke hayo kwa Oregon State, tena akiwa mwaka wa kwanza, aliitwa Johnny Hekker. Weka jina hilo akilini.

Kwa hiyo unadai ilikuwa mechi nzuri?

Nadai ilikuwa mechi yenye maana, na ulinzi wake ulikuwa wa kiwango cha juu. Ushambuliaji wa timu zote mbili ulikuwa mbovu, hilo nalikubali bila kigugumizi. Pasi nyingi zilipotea, na Pittsburgh walikuwa na mkimbiaji aliyestahili wenzake bora zaidi.

Lakini angalia robo ya nne inavyokuwa matokeo yakiwa 3–0. Timu iliyo nyuma inahitaji teke moja tu kusawazisha na tachidauni moja kuongoza. Iliyo mbele haiwezi kupumzika hata mchezo mmoja. Katika mechi ya 45–38 unaweza kwenda jikoni ukarudi na usikose kitu. Hapa kila mpira unaotolewa unaweza kuwa ndio wenyewe, na dakika za lala salama zinaanza mapema kuliko kawaida. Mtu aliyewahi kukaa Uwanja wa Mkapa timu yake ikilinda bao moja dhidi ya watani, akitazama saa kuliko mpira, ataelewa hali ya mashabiki wa Oregon State siku ile.

Pittsburgh wenyewe waliujua utamu wa mechi za namna hii. Mwaka mmoja nyuma, Desemba 1, 2007, waliifunga West Virginia 13–9 na kuinyima nafasi ya kucheza fainali ya taifa. Safari hii mambo yakawageukia.

Kuna bouli nyingine zilizokuwa na pointi chache kuliko hii?

Zipo zilizoisha bila pointi hata moja, enzi ambazo sare iliruhusiwa.

Sun Bowl yenyewe ilitoka 0–0 mwaka 1940, kati ya Catholic University na chuo cha ualimu cha Tempe ambacho leo ni Arizona State. Ya mwisho kuisha hivyo kabla ya ile 3–0 ya El Paso ni Cotton Bowl ya Januari 1, 1959, mjini Dallas: TCU (Texas Christian University) dhidi ya Air Force, ngoma droo, bila bila. Air Force ni chuo cha jeshi la anga kilichoanzishwa 1954 tu, na msimu ule kilimaliza bila kufungwa: ushindi tisa, sare mbili. Kwa muda wa karibu miaka 50 baada ya hapo, hakuna bouli iliyoshuka hadi pointi za Oregon State na Pittsburgh.

Ninayoipenda zaidi katika hizi ni Cotton Bowl ya Januari 1, 1947, LSU (Louisiana State University) dhidi ya Arkansas. Dallas ilikuwa imefunikwa na barafu. Mashabiki waliwasha moto majukwaani ili wapate joto, na pembeni mwa uwanja wachezaji waliota moto wa mapipa ya makaa. LSU, wakiongozwa na kwotabeki Y. A. Tittle, waliutawala mchezo kiasi cha kusikitisha: walipata yadi 271 dhidi ya 54, na walifanikiwa kusogea zile yadi 10 mara 15 wakati Arkansas walifanikiwa mara moja tu. Mara moja, mechi nzima. Bado ikaisha 0–0, kwa sababu Arkansas walisimama kila walipobanwa mlangoni kwao. Mtu akiniambia sare bila mabao ni mechi isiyo na kitu, namtajia hii.

Na ile ya 2018 yenye mipira mingi iliyonaswa?

Hiyo ni Cheez-It Bowl, Phoenix, Desemba 26, 2018: TCU 10, California 7, baada ya muda wa nyongeza. Pasi tisa zilinaswa na wapinzani, tano za California na nne za TCU. Sewo Olonilua wa TCU alikimbia yadi 194, na mwishowe Jonathan Song akapiga teke la ushindi la yadi 27.

Watu huziweka mechi hizi mbili kapu moja, nami nadhani wanakosea. Ile ya Phoenix ilikuwa na pointi chache kwa sababu mpira haukukaa mikononi. Ile ya El Paso ilikuwa na pointi chache kwa sababu mabeki walikuwa wanashinda mapambano yao, mmoja baada ya mwingine, mchana kutwa. Cha kupendeza ni kwamba TCU wamo kwenye ile ya 1959 na kwenye hii pia.

Uwanja ukoje? Watu walikwenda?

Walikwenda, zaidi ya 49,000. Uwanja wa Sun Bowl ulifunguliwa 1963 katika eneo la Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, umebanwa na vilima vikavu, na mpaka wa Meksiko hauko mbali. Ng'ambo ya mto ni Ciudad Juárez. Ukitaka kuifuata Sun Bowl ukiwa Nairobi au Dar es Salaam, kumbuka kwamba saa sita mchana ya El Paso wakati wa Desemba ni saa nne usiku kwetu.

Oregon State walikuwa wamezoea Sun Bowl?

Walikuwa nayo miaka miwili nyuma. Desemba 2006, katika uwanja huohuo, waliifunga Missouri 39–38. Sekunde za mwisho walifunga tachidauni ambayo ingewapa sare kwa teke jepesi, lakini Riley akachagua pointi mbili, na Yvenson Bernard akaingia nazo. Pointi 77 mwaka 2006, tatu mwaka 2008, kocha mmoja, uwanja mmoja, na mara zote mbili ushindi kwa tofauti ndogo. Hayo ndiyo yanayonifanya nimheshimu Riley: alishinda kwa kilichokuwepo mkononi.

Wachezaji waliishia wapi?

McCoy aliaga chuo baada ya mechi hii. Philadelphia Eagles wakamchukua 2009, na akawa mmoja wa wakimbiaji bora wa kizazi chake. Jacquizz Rodgers naye alifika ligi ya kulipwa.

Sasa Hekker. Mwaka 2012 alijiunga na Rams, timu ya ligi ya kulipwa, bila hata kuchaguliwa kwenye usajili rasmi wa wachezaji wa vyuo, na akageuka kuwa mpigaji aliyeogopwa kuliko wote katika kazi yake. Februari 3, 2019 alicheza Super Bowl, ambayo ni fainali ya ligi ya kulipwa, mjini Atlanta: New England Patriots 13, Rams 3, fainali yenye pointi chache kuliko zote katika historia ya Super Bowl. Hekker alipiga mpira mara tisa, na teke lake moja lilikwenda yadi 65, refu kuliko lolote lililokuwa limepigwa kwenye fainali hizo hadi siku ile. Kijana aliyekuwa akinunua ardhi El Paso ndiye aliyekuwa akinunua ardhi Atlanta miaka kumi baadaye. Safari hii timu yake ilifungwa. Ubingwa aliupata Februari 2022, Rams walipoifunga Cincinnati.

Je, bouli inaweza tena kuisha 0–0?

Haiwezi. Muda wa nyongeza uliingizwa kwenye bouli msimu wa 1995, na Desemba mwaka huo Las Vegas Bowl ikawa ya kwanza kuamuliwa hivyo, Toledo wakiifunga Nevada 40–37. Kila timu hupewa mpira yadi 25 kutoka eneo la wapinzani, zamu kwa zamu, na tangu 2021 kuanzia awamu ya tatu wanashindania majaribio ya pointi mbili tu mpaka mmoja ashindwe. Matokeo ya chini kabisa ya kawaida yanayoweza kutokea, ukiacha yale adimu ya 2–0 (mfano timu inapoangushwa na mpira ndani ya eneo lake yenyewe la mwisho), ni 3–0.